Pai za Mechi ya Pili

Chuoni Ridgemoor, huku Wisconsin kwenye ng'ombe wengi kuliko watu, wasichana walicheza kikapu saa kumi na moja jioni, wavulana saa moja na nusu usiku. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa Loretta Haugen. Saa kumi na moja ni saa ya kukamua. Loretta alichezea chuo hicho mpaka akahitimu, na baba yake, mfugaji, hakumwona uwanjani hata siku moja. Akawa kocha, kisha mkurugenzi wa michezo, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, na jambo lile bado lilikuwa limemkaa kooni.

Sasa alibakiza msimu mmoja astaafu. Akambana mkuu wa chuo, Bwana Whitcomb, mpaka akakubali kugeuza ratiba: wavulana kwanza, wasichana baadaye. Jumamosi moja tu.

"Watu wakiondoka wavulana wakimaliza," Whitcomb alisema, "tunarudi tulikotoka, na habari hii nisiisikie tena."

"Hawataondoka," Loretta alijibu, huku moyoni akijua wataondoka. Watu wa Ridgemoor wavulana wakimaliza huvaa makoti, wakaenda zao.

Aliwapanga waamuzi, bendi na wakata tiketi. Pai za matunda, zile zinazouzwa ukumbini wakati wa mapumziko ya wavulana, akazisahau. Mapumziko ya wavulana yalipofika, akapita ukumbini akakuta foleni inanung'unika, meza zimefunikwa vitambaa, na Verna Tollefsen, mkuu wa akina mama wa kanisa na wa pai zote, amekaa kakunja mikono.

"Mama Verna, mbona hamjafunua? Watu wana njaa."

"Wangoje. Pai ni za mechi ya pili."

"Si ni za wavulana, mama?"

"Nani kakwambia? Nimezianzisha mimi, wewe ukiwa bado unanyonya. Ni za mechi ya pili, mapumziko. Hao wavulana walikuwa na bahati tu."

Loretta akaitazama foleni ile, kisha meza. Kicheko kikamjia, akakimeza.

"Haya, mama. Mimi nani hata nikubishie?"

"Umeona, eh? Nenda kafanye kazi, acha kunitolea macho."

Wavulana wakamaliza. Watu wakainuka, makoti mikononi. Lakini harufu ya cheri na siagi ilikuwa imejaa ukumbi mzima.

"Pai je?" mtu akauliza.

"Mpaka mapumziko ya wasichana. Verna kagoma."

"Yule mama ana roho mbaya, jamani," akasema mwenzake, akakaa tena na koti lake mapajani. Mmoja mmoja wakakaa. Na mlangoni wakaanza kuingia wengine, wanaume na wanawake waliotoka kukamua, mabuti yao bado yana theluji na harufu ya zizi. Mbele yao alikuwa Dale Brandvold, baba yake Signe, nahodha wa wasichana. Alikuwa hajawahi kumwona bintiye akianza mechi.

Mapumziko yalipofika pai zikaliwa zikaisha. Loretta akasimama karibu na mlango, akisubiri watu watoke. Hakutoka mtu. Timu zilikuwa zikifukuzana pointi kwa pointi, na wazee waliobaki kwa ajili ya pai sasa walikuwa wakibishana na mwamuzi.

Dakika ya mwisho, Whitcomb akainuka na sahani yake mkononi, akamgeukia Loretta. Alikuwa na neno la kumwambia kuhusu msimu ujao.

"Bwana wee, kaa chini," Dale akamwambia kutoka nyuma. "Unaniziba, simwoni mwanangu."

Mkuu wa chuo akageuka kuona ni nani huyo. Akakaa chini.

Loretta akacheka, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Sauti ile ya baba anayetaka kumwona bintiye, na harufu ile ya zizi, alikuwa akizingoja tangu yeye mwenyewe akiwa na umri wa Signe.