Boksi la Besi la Kwaya ya Lituhi

Lidia alikuwa fundi seremala mjini Mbinga, na wenye kumbi za muziki walikuwa wamezoea kumfuata awatengenezee maboksi ya spika. Safari hii alikuja Cleopa, mpiga gitaa la besi wa kwaya ya Lituhi, kijiji alikozaliwa Lidia mwenyewe. Kwaya ilitaka sabufa ya kuimbia uwanjani siku ya sikukuu ya kanisa.

Cleopa alikuwa ameshaamua. Alitaka boksi lityuniwe hezi thelathini, yaani lirekebishwe livume zaidi kwenye besi ya chini sana, kama la gari moja alilolisikia Songea, lililomtetemesha mpaka meno.

Lidia alimwomba apige uzi mnene kuliko wote bila kuubana. Simu ya Lidia, yenye programu ya kupima sauti, ikaonyesha hezi arobaini na moja. Akamweleza kwamba gitaa lake halishuki chini ya hapo, na uwanjani hakuna kuta za kuisaidia besi. Wakienda thelathini watapata mngurumo wasiouhitaji, na nguvu wanayoitaka itapungua.

"Dada, mimi nimetumwa thelathini," Cleopa alisema.

"Umetumwa besi isikike. Niachie arobaini. Ikishindikana, nitalitengeneza upya kwa mbao zangu."

Alisema hivyo kwa uthabiti zaidi kuliko alivyojisikia moyoni, maana hakuwahi kutengeneza boksi la kupigia nje.

Boksi lilipokamilika alililaza chali, akachomeka bomba la plastiki kwenye tundu la hewa, kisha akamwaga punje chache za kahawa juu ya karatasi ya spika. Bomba refu hushusha sauti. Ukilifupisha inapanda, na ukikata mno umeharibu. Akapiga mlio wa hezi arobaini kutoka kwenye simu. Kahawa ikarukaruka. Akachomoa bomba, akakata kidogo, akarudisha, akapiga tena. Akakata tena. Hatimaye punje zikatulia, karibu zisitikisike kabisa, huku bomba likipuliza upepo mkali usoni mwake, ishara kwamba boksi limefika arobaini. Lidia akaweka msumeno chini, akacheka peke yake.

Siku ya sikukuu alipanda basi mpaka Lituhi. Kwaya ilipoanza, kila noti ya Cleopa ilisikika nzito na safi, wala haikuwafunika waimbaji. Waliokuwa kwenye mitumbwi ziwani, karibu na ufuko, waligeuka kutazama.

Mzee Aidan, baba yake Lidia, aliyewahi kuimba besi katika kwaya hiyo, alitoka kwenye benchi akaweka kiganja juu ya boksi. Binti yake alipomwamkia, aliitikia bila kukiondoa. Kisha akawageukia waliokaa karibu.

"Hili katengeneza Lidia wangu," alisema, taratibu, akiwatazama mmoja mmoja.

Lidia alipokuwa akisifiwa, kwa kawaida alisema amejaribu tu. Siku hiyo hakusema hivyo. Mwalimu wa kwaya ya kijiji jirani alipomsogelea akauliza nani aliyeichagua sauti ile, alimtazama usoni.

"Ni mimi," alijibu. "Njoo Mbinga, na uje na gitaa lenu."