Cherehani mara tano

Mkutubi alikuwa akipaka ubao rangi nyeupe kwa mara ya tatu wakati maneno WAPIGA KELELE yalipojitokeza tena juu yake, kwa chaki ya bluu, yakiwa yamepigiwa mstari. Akayapisha, akaendelea kupaka pembeni.

Shule ilikuwa imehama. Jengo lake kuukuu sasa lilikuwa maktaba ya mtaa, lenye madirisha mapya na rafu hadi darini, lakini ubao ulishika kazi yake ya zamani. Aliyetoa sauti uliandika jina lake. Kila Ijumaa karani wa manispaa alikuja kunakili. Aliyefikisha mara tano hakuruhusiwa kuingia tena.

Jina la kwanza ubaoni lilikuwa Cherehani, mara nne. Huyo alikuwa shangazi wa mkutubi, fundi nguo wa miaka sitini na mmoja. Jina alipewa na mwalimu humuhumu, darasa la pili, kwa kuwa hakuweza kusoma bila kutamka. Lilipozidi ubaoni, akafukuzwa. Kushona kulikuja baadaye. Sasa alikuwa amerudi kumalizia kusoma.

Ijumaa hiyo alikaa benchi la mbele, akafungua kitabu cha hadithi ya mbuzi.

“Shangazi, leo soma kimoyomoyo,” mkutubi alinong’ona. Karani alikuwa ameshafika.

“Nimejaribu, mwanangu. Herufi zinanikodolea macho tu.”

Akasoma kwa sauti, silabi moja moja. Chaki ikakwaruza. Mara tano.

“Mama, kuanzia kesho huingii,” alisema karani, akiandika.

“Pale pameandikwa nini?”

“Si unajua?”

“Najua, mwaka wa hamsini na tatu huu. Sijawahi kupasoma.” Akausogelea ubao. “Che-re-ha-ni. Ma-ra ta-no.”

Ubao ukaandika mara sita. Akasoma na hiyo. Ukaandika saba, akasoma. Karani alinakili zote, ndiyo kazi yake. Kwenye kumi na nne akainua kalamu.

“Polepole basi, mama. Naandika kwa mkono.”

Shangazi akampunguzia kasi. Kwenye ishirini daftari lilijaa. Amri ilibaki ileile.

Akarudi kwenye benchi, akalaza uzi mwekundu katikati ya ukurasa wa tisa, akampa mkutubi kitabu.

“Kesho uniletee pale dirishani,” alisema, bila kushusha sauti. “Mbuzi amefika mlangoni. Nataka kujua kama ameingia.”