Nakala ya Nini na Wewe Upo

Wateja wangu wako wa namna mbili tu: wanaokuja kulia niwarudishie walichofuta, na wanaokuja kunong'ona niwafutie kitu kisirudi tena maisha. Wa kwanza huja na mama zao. Wa pili huja peke yao na hurudishia mlango nyuma yao. Mimi ni fundi wa kompyuta, si padri wala shehe, kwa hiyo siulizi maswali.

Kwa wale wa kwanza nilikuwa na jina kubwa. Enzi za diski za kuzunguka, ukifuta kitu kompyuta ilikuwa haikifuti kweli. Ilikuwa inang'oa tu kibao cha jina mlangoni, mwenye chumba bado yumo ndani kalala, na kazi yangu ilikuwa kumgongea. Nimerudisha picha za harusi ya mdogo wangu. Nimerudisha tasnifu ya binamu yangu, ambaye aliifuta mwenyewe akidhani anafuta michezo. Nyumbani wakaniita Mfufuaji, na wakadeka. Wakawa wanafuta vitu ovyo, na mtu akishtuka wenzake wanamwambia, "Aa, Mfufuaji si yupo?" Nikawapa sharti moja tu, nikalirudia mpaka mama akawa analisema kwa kuniigiza: ukifuta kwa bahati mbaya, usiiguse tena hiyo kompyuta. Iache hapo hapo ilipo, uniite.

Baba yangu alikuwa dalali wa mnada. Makabati, vitanda, majokofu mabovu, vyote vilipita mdomoni mwake, na watu walikuwa wanakuja kumsikiliza hata wasiponunua kitu. Mwaka jana madaktari wakamkuta na saratani kooni. Wakasema kisanduku cha sauti kitoke chote, la sivyo tujiandae kumzika. Kabla ya upasuaji, mtaalamu wa usemi pale hospitali akatupa sentensi za kumsomesha. Tumrekodi, akasema, kisha kidonda kikipona kuna programu itakayozichukua hizo rekodi, baba awe anaandika na kompyuta inasema kwa sauti yake mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume akanunua laptop mpya kwa kazi hiyo, na sebule ikageuka studio. Zile sentensi zilikuwa za kuchosha, "leo hali ya hewa ni nzuri" na mambo kama hayo. Baba akazichoka, akaanza kumnadi mama. "Mke huyu, mabibi na mabwana, anakoroma kidogo, lakini anapika. Nani anaanza?" Mama akamtupia mto. Yote yamo kwenye rekodi. Yalikuwamo, niseme.

Jumamosi mama akanipigia nikiwa dukani. "Njoo na vyombo vyako, mwanangu. Baba yako kafuta zile sauti."

"Kafuta? Kwa nini?"

"Utamuuliza mwenyewe. Lakini usiwe na wasiwasi, hatujaigusa kabisa."

Nikawashukuru kimoyomoyo, nikafunga duka. Njiani nilikuwa hata na hamu ya kwenda kuringa kidogo, Mungu anisamehe.

Laptop nikaikuta mezani, imechomekwa kwenye umeme, imefunikwa kitambaa safi kama mkate. Mdogo wangu alikuwa kajinyoosha kwenye kochi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kibao chake cha kuandikia kifuani, kitambaa chepesi kimeziba lile tundu la shingoni analopumulia. Nikafunua. Ilikuwa inawaka.

"Hii imewashwa tangu lini?"

"Tangu alipofuta," mama akasema. "Wiki hii yote, tukasema tusikusumbue mpaka Jumamosi. Wewe si ulisema tusiguse? Hata kuizima tumeogopa."

"Mdogo wangu, ndani mna diski gani?"

"Ile ya kisasa, SSD. Haina kelele, halafu inaruka hiyo."

Nikavuta kiti, nikakaa. Hizi diski mpya hazizunguki, na tabia zake si zile nilizowafundisha nyumbani. Ukifuta kitu, kompyuta inaiambia diski kwamba chumba kile kimeachwa. Diski inangoja ipate utulivu, halafu inapiga deki yenyewe, mpaka ukutani. Na hakuna utulivu unaozidi ule wa mashine iliyowashwa, imefunikwa kitambaa, na familia nzima inapita kwa kunyata isiiguse. Wangeizima siku ile ile labda ningeambulia chochote. Wamelitii sharti langu kuliko mteja yeyote niliyewahi kumpa.

"Nakala mmeweka wapi?" nikauliza.

Mdogo wangu akacheka. "Nakala ya nini na wewe upo?"

Ningemjibu ningemtukana, na mama yupo. Nikaizima, nikaichomoa ile diski, nikaiunga kwenye mashine yangu, nikaanza kutafuta. Mama akaenda kuchemsha chai. Baba akaandika kitu kwenye kibao, akanigeuzia: *Nilijisikia nacheka kwenye zile rekodi. Nikapandwa na hasira. Nikafuta. Nikajua nikitulia utanirudishia.*

Nikasoma mara mbili, maana macho yalishaanza kunisaliti. Hakufuta kwa bahati mbaya. Alifuta kama mtu anayerusha sahani mbele ya fundi wa kuunga sahani.

Basi majina yakatokea kwenye kioo. Ndiyo, majina yalikuwepo, hayo huwa yanasalia. "Baba sentensi za mwanzo." "Baba anamnadi mama." "Baba kacheka kaharibu." Mdogo wangu ndiye aliyeyaandika. Akaruka kutoka kwenye kochi. "Si hizo hapo! Mama, zimerudi!" Mama akaja mbio na kijiko mkononi. Baba akapiga kiganja kwenye paja, ndiyo namna yake ya kucheka siku hizi. Na mimi nimekaa katikati yao nikijua.

"Tupigie ile ya mnada," mama akasema.

Nikabonyeza. Ikagoma kufunguka. Nikabonyeza nyingine, ikagoma. Nikazifungua tumboni kuangalia kilichomo, nikakuta sifuri, sifuri, sifuri, kutoka juu mpaka chini.

"Hamna kitu," nikasema.

"Dada, usitutanie."

"Sitanii. Majina tu ndiyo yapo. Ndani hamna kitu."

"Basi ipeleke dukani," mama akasema kwa upole. "Hapa tunakupigia kelele."

Wallahi ningemwona ananilaumu ningepata nafuu. Niliuliza kama kuna sauti yake kwenye simu ya mtu yeyote, lakini baba hajawahi kutuma ujumbe wa sauti. Simu alikuwa akiipigia makelele ya mnadani mpaka watu wanakata. Nikatoka nje nikampigia fundi aliyenifundisha kazi. Akaniuliza swali moja tu, kama ilikuwa imewashwa. Nikamwambia ndiyo, wiki nzima. Akasema, "Pole, binti."

Wale wateja wangu wa kunong'ona huwa nashindwa kuwaapia. Nawaambia nimesafisha, lakini diski hizi zina vichochoro vyake, inawezekana kuna kipande kimejificha mahali. Wanakasirika, wanataka nile kiapo. Siku hiyo nilitafuta hicho kipande kwenye kila kichochoro ninachokijua. Ningeridhika hata na kikohozi. Sikupata.

Niliporudi ndani nikapiga magoti mbele ya kiti cha baba, nikamwambia ukweli wote, polepole, kama daktari alivyomwambia. Kwamba haitarudi. Si leo, si dukani, si kwa fundi mwingine. Mdogo wangu akaenda kusimama dirishani. Mama akasema, "Lakini wewe huwa unarudisha."

Nikaanza kulia, mtu mzima mimi. Baba akaniwekea mkono kichwani. Hakukigusa kibao. Nadhani alisahau, kwa sababu aliniinamia na akaanza kuongea, midomo inakwenda, maneno mengi, taratibu, uso umetulia kama zamani nilipoanguka nikachubuka goti. Pumzi ikawa inatoka shingoni, inapeperusha kile kitambaa. Sikuambulia hata neno moja. Alipomaliza akanitazama, akingoja.

"Ndiyo, baba," nikasema.