Shavu la Kulia

Mimi kipele sikiachi. Ndiyo kazi inayonilisha. Natengeneza meno ya bandia, na kwenye meno ya bandia kipele kidogo kama mbegu ya ufuta kinatosha kumfanya mtu mzima ashindwe kula, halafu arudi na meno yake kwenye leso aje anifokee mbele ya watu. Kwa hiyo meno yakitoka kwenye kalibu nayapapasa kwa kidole. Macho yanadanganya, kidole hakidanganyi. Nikikutana na kipele nakipiga msasa, na sijiulizi kimetoka wapi. Nayasema haya mapema ili mtu asije akafikiri nilimfanyia baba makusudi.

Baba alikuwa mchora mabango ya maduka. Alipostaafu akajitafutia ugonjwa mwingine, sanamu. Si za kuchonga. Hizi zinauzwa kwenye boksi zikiwa vipande, za resini ya kijivu, plastiki ngumu ya kumiminwa, kichwa mbali, mabega mbali, kofia mbali. Unasafisha, unaunganisha, unabadilisha unachotaka, kisha unapaka rangi taratibu mpaka siku moja unaona mtu anakutazama. Rafu yake imejaa wazee wenye ndevu na askari wa zamani, wote wanaishia kifuani. Huwa namtania kwamba anafuga watu wasio na miguu ili wasimkimbie.

Meza yake iko chumba cha mbele, ambacho zamani kilikuwa saluni ya mama. Mama alifariki nikiwa na miaka minane. Viti viliuzwa, mashine za kukaushia nywele ziligawiwa, kilichobaki ni kioo kikubwa ukutani, kwa sababu kilishikizwa kwa saruji na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukivunja. Utoto wangu niliukalia mbele ya kile kioo, kwenye stuli, kichwa changu mikononi mwa mama. Hakuwa na muda wa kugeuka yule. Ukiwa na shida ulikiambia kioo, naye alikujibu humohumo. Mimi mama nilimjua kwa mgongo na kwa kioo.

Mwaka huu mikono ya baba imeanza kutetemeka. Siku aliyonikabidhi boksi lile, vipande vilikuwa vinagongana ndani kabla hata hajaliweka mezani.

"Kijino," akasema. Ndilo jina alilonipachika tangu nianze kazi. "Mimi na wembe tumeachana. Brashi inasamehe, wembe hausamehe. Huyu niunganishie wewe, nitapaka mimi. Nikimmaliza huyu natundika brashi."

"Umetundika mara ngapi, baba?"

"Safari hii msumari upo."

Ndani kulikuwa na mwanamke. Kwenye picha ya boksi alikuwa muuguzi wa vitani, na kofia yake, na hereni, na kola iliyosimama. Baba akaanza kutoa maagizo kama fundi nguo. Kofia ikatwe, afungwe kitambaa, fundo liwe nyuma. Hereni zitolewe. Kola ilazwe. Alitaka awe mtu wa kawaida.

"Na uso?"

Akababaika kidogo. "Uso niliuanza mimi, mkono ulipokuwa bado unanisikia. Usiuguse sana."

Sasa, angesema usiuguse, ningeelewa. Alisema usiuguse sana, nami nikaona hiyo sana ni mimi wa kuipima. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu liko salama salimini. Kilichovunjika hakikuwa changu.

Nilianza Jumamosi mchana. Nikakata vishina vinavyobaki pale resini ilipomiminwa, kwa msumeno mwembamba wa kazini kwangu. Nikaviosha vipande vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikavisugua kwa mswaki mkuukuu, maana vinatoka kiwandani na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kofia nikaikata kidogo kidogo mpaka nikaufikia utosi. Kitambaa nikakitengeneza kwa puti, nikaisukuma kwa chupa mpaka ikawa nyembamba, nikaikunja mikunjo na kuifunga nyuma. Niseme kweli, lilikuwa fundo zuri. Shingo nikaitoboa kwa drili ndogo, nikatoboa na mabega, nikapitisha waya katikati ili kichwa kisije kikaanguka, nikatia gundi, nikaziba ufa. Nilikuwa najipongeza kimoyomoyo kwamba baba ataona kumbe hakunisomesha bure.

Halafu nikapitisha kidole usoni.

Palikuwa na vipele. Vya kawaida, vile vinavyoachwa na mapovu ya hewa kwenye kalibu, kwenye paji, pembeni ya pua, kidevuni, mashavuni huku na huku. Kimoja kilikuwa kirefu kidogo, kama punje ya mchele, rangi ileile ya kijivu. Nikachukua msasa wa maji, nikamwinamisha ndani ya beseni, nikapiga. Nageuza huku, nageuza kule, mpaka uso ukawa laini kama yai. Sikukaa hata kufikiri. Mkono ulikuwa kazini, mimi mwenyewe nilikuwa nasikiliza redio.

Nikampulizia rangi ya msingi, ile ya kijivu inayotangulia rangi zenyewe. Haina siri ile, kila kasoro inaianika. Haikuanika hata moja. Nikamwita baba.

Alianza kumtazama kwa nyuma. Akaliona fundo, akacheka. "Hili umelijuaje?"

"Nimebuni tu."

"Umebuni," akasema, kama mtu anayejua zaidi. Kisha akakishika kile kichwa kwa viganja viwili, vile unavyomshika mtu unayempenda, na vidole gumba vyake vikapita mashavuni, vyote kwa pamoja. Vikarudi. Vikapita tena. Vilikuwa vinatetemeka, halafu vikatulia.

"Umelitoa," akasema.

"Nimetoa nini?"

"Kovu."

Nilitaka kusema kovu gani. Neno lilishafika kwenye ncha ya ulimi ndipo nikaelewa. Mama alikuwa na kovu shavuni. Aliungua na kitana cha moto akiwa bado anajifunza kazi, likabaki limeinuka, refu kidogo. Wateja wakimtania anawaambia mwenye kovu usidhani kapoa, wanacheka wote. Kitambaa kichwani, fundo nyuma. Hereni zitolewe, kwa sababu mama hakuvaa hereni. Baba alikuwa anamtengeneza mkewe, na aibu ikamzuia kunitamkia. Lile kovu alilijenga kwa gundi na unga wa resini, tone juu ya tone, huku mkono unamgomea, na mimi nikalimaliza ndani ya beseni kabla wimbo mmoja haujaisha.

"Baba, nilidhani ni kasoro ya kalibu."

"Si kitu, Kijino. Umefanya kazi safi."

Afadhali angenitukana. Matusi nimeyazoea, natukanwa kila wiki na watu wasio na meno. Ile kazi safi iliniingia mpaka kwenye mfupa. Akamfunika sanamu kwa kitambaa cha kufutia brashi, akasema kwanza apumzike kidogo, na siku zilizofuata hakumfunua. Alikaa mlangoni akitazama barabara. Brashi mpya alizomnunulia yule mwanamke zilibaki kwenye glasi na vifuniko vyake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikawa nausubiri huo mshindo kila nikirudi kutoka kazini, na haukuja. Ananiuliza tu kama nimekula.

Mkono ule ulikuwa unazidi kutetemeka. Kikombe cha chai alikuwa ameanza kukishika kwa mikono miwili. Asipompaka sasa hatampaka tena, na atakayekuwa amemnyima ni mimi. Nililala na wazo hilo na nikaamka nalo.

Siku aliyokwenda kliniki nikamfunua. Kwanza nilitoa albamu. Picha za mama ni chache, zote za studio, na katika zote mashavu ni safi. Mpiga picha alilifuta kovu kwa hisani yake, kama mimi. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Ningeweza kumpigia shangazi nimuulize lilikuwa upande gani, kuuliza si ujinga. Lakini binti gani anampigia mtu simu amuulize kovu la mama yake lilikuwa shavu lipi? Na isitoshe, nilikuwa na uhakika. Nikifumba macho namwona kabisa, uso wake uko juu ya kichwa changu, kitana kakibana mdomoni, ananionya kwa macho nitulie, na kovu liko shavu la kulia. Ningeweza kuapa.

Nikakwangua unga kutoka kwenye kipande cha kofia niliyoikata, nikauchanganya na gundi kali, nikaliinua kovu kwa ncha ya sindano. Unaweka tone, unasubiri, unaweka lingine. Nililia, siwezi kuficha, ikabidi nisogeze kiti nyuma machozi yasiangukie gundi. Nilikuwa namwomba msamaha mwanamke wa resini, mtu mzima mimi, na mlango uko wazi watu wanapita. Nikapuliza rangi ya msingi tena. Ilipokauka nikafumba macho, nikapapasa. Kipele kipo. Sijawahi kufurahi kukuta kipele ila siku hiyo.

Baba aliporudi nilimwonyesha meza kwa kidevu. Akakishika kichwa vilevile kwa viganja viwili. Kidole gumba kimoja kikasimama. Nikauona uso wake unaanza kufunguka, kisha ukasita. Akamsogeza dirishani. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama ukutani.

Akambeba mpaka kwenye kioo. Akamgeuza atazame kioo, yeye akasimama nyuma yake.

"Aa," akasema polepole. "Huyo hapo."

"Nani, baba?"

"Mke wangu." Alikuwa anaongea na kioo. "Njoo usimame hapa nyuma. Kovu lilikuwa shavu la kushoto, Kijino. Mimi nilikuwa namtazama uso kwa uso. Wewe ulikuwa unamtazama humu."

Nikasimama pale. Kioo huhamisha kila kitu, cha kushoto kinaonekana kulia, na mtoto aliyelelewa na kioo hajui. Nilichokiona kiooni ndicho alichokuwa akikiona baba kila asubuhi ya ndoa yake, mwanamke mwenye kovu upande wake wa kweli. Na nitasema lililo baya kuliko yote: nilimwona mgeni. Mama yangu halisi ananitazama na mimi simjui.

"Nitalihamisha," nikasema. "Nipe mpaka jioni. Nalitoa hapa, nalipeleka kushoto. Hutajua kama liliwahi kukaa pengine."

"Hapana."

"Baba, ni mkeo huyu. Ulimwanza wewe."

"Na ukilihamisha, wewe unabaki na nani?"

Nikautazama tena ule uso kiooni.

"Muache," akasema. "Mimi nina kioo."

Kesho yake alizitoa brashi vifuniko. Nilifikiri atamweka mezani kama wale wazee wenye ndevu. Hakumweka mezani. Alimweka kwenye stuli, mbele ya kioo, yeye akakaa nyuma yake, akapitisha mkono juu ya bega lake na kuanza kumpaka kwa kumtazama humo. Ni kazi ngumu hiyo hata kwa kijana. Kwenye kioo mkono unakwenda kinyume na unavyotaka. Akilenga jicho anapata nyusi, akilenga mdomo anachafua kidevu, na huo mtetemo wake juu. Akikaa mbele ataona vizuri, ila akikaa mbele mkewe hayupo, yupo mama yangu. Nami ndiye niliyemtoa.

Kwa hiyo kila mchana nikitoka kazini nakaa pembeni yake. Namchanganyia rangi, namshikia kiwiko, na brashi ikimponyoka namfutia kwa pamba. Wakati mwingine inabaki alama ndogo ya kahawia pale isipotakiwa, nami kidole kinaniwasha.

"Usifute sana," ananiambia, na mimi naacha.