Mtani Aliyelia Mazishini

Niliwadanganya wote wawili, na ikibidi nitawadanganya tena. Farisai nilimwambia Tongai yuko Bulawayo kwa shughuli za binti yake. Tongai nilimwambia Farisai hatakuja, baridi ya Nyanga inamsumbua magoti. Mume wangu aliposikia alikunja gazeti lake akasema, "Mama Ropa, njia ya mwongo ni fupi." Nikamjibu kwamba yangu inatakiwa kufika Nyanga tu, kisha iishe.

Kila Agosti tulikuwa tukikodi nyumba ileile huko Nyanga milimani kwa siku mbili, nyumba ya mawe iliyo juu ya bonde, imezungukwa na misonobari. Tulikuwa watano: mimi na mume wangu, Farisai na mumewe Naboth, na Tongai, ambaye mkewe alimkimbia zamani na hatujawahi kumlaumu mke. Naboth akafariki mwezi wa Januari. Mwaka huu niliikodi nyumba bila kumuuliza mtu.

Tongai hakuwa rafiki wa Naboth tu. Alikuwa sahwira wake, mtani wa ukoo, na utani wenyewe waliurithi kwa babu zao. Mtani ana kazi yake msibani. Wakati sisi tunalia, yeye anavaa kofia ya marehemu, anatembea mwendo wake, anamsuta mbele ya kaburi kwa uchoyo wake wote, mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwatiririka. Asipofanya hivyo, marehemu amezikwa nusu. Siku ya Naboth watu walimpisha Tongai, wakasubiri. Akasogea mpaka ukingoni, akafungua mdomo, kisha akaanza kulia. Alilia mpaka mume wangu akamshika kwapani na kumwondoa. Farisai alimtazama akiondolewa, na tangu siku ile hakumsemesha.

Ingekuwa kununa tu, ningewaacha wanuniane. Lakini kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake baada ya muda, na mtani ndiye mchangamshaji wa shughuli hiyo. Wakwe walikuja Machi, wakaja tena Juni. Farisai akawapa jibu lilelile: "Mume wangu hajazikwa na mtani wake. Akishazikwa, mtagawa." Wifi yake mkubwa akaanza kunong'ona huku na huku kwamba mjane anawanyima chao. Mimi nilikwenda kumsalimia Jumapili moja nikamkuta anapiga pasi mashati ya Naboth, moja baada ya jingine, anayarudisha kabatini. Niliaga haraka, nikaenda kulia ndani ya gari. Hapo ndipo nilipoamua kusema uongo.

Tulifika Ijumaa alasiri, ukungu umekaa juu ya misonobari. Farisai akapeleka mkoba wake katika chumba chao cha siku zote, akaulaza upande wake wa kitanda, ule wa dirishani. Upande wa ukutani hakuweka kitu. Alipotoka alikuwa amevaa sweta la kijani la Naboth, lile lililotoboka kiwiko. Nguo ambayo haijagawiwa haivaliwi, hata mtoto anajua. Nililiona nikanyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni kazi ya kutoa jasho.

Tongai alifika baadaye kidogo na pikapu yake. Alishuka na boksi la nyama begani, akamwona Farisai barazani, akaliona na sweta.

"Habari za safari, Mama Tino," alisema.

Miaka yote alikuwa akimwita kwa utani "mke wangu", na kabla hata ya salamu anauliza kwa nini chakula chake hakijapakuliwa. Farisai akasema, "Nzuri," akaingia ndani.

Tongai akanigeukia. "Maidei, wewe ni mchawi."

"Ingia uoge," nikamwambia. "Maji ya moto yapo."

Chakula cha jioni kilikuwa kirefu kuliko mahubiri. "Mama Ropa," akasema Farisai, "mwambie jamaa asogeze chumvi." Nikamwambia amwambie mwenyewe, jamaa amekaa mbele yake na masikio anayo mawili. Mwisho mume wangu akainuka, akazunguka meza nzima, akaichukua ile chumvi na kuiweka mbele ya Farisai, kisha akarudi kuketi, na sadza yake, ule ugali wetu, imeshapoa. Ualimu umemfundisha subira nyingi mno.

Jumamosi ukungu ulitawanyika, jua likatoka, na zamu ya nyama ikafika. Sasa ni lazima niseme ukweli juu ya Naboth: hakujua kuchoma. Lakini koleo la nyama lilikuwa lake, hakuna mwingine aliyeligusa. Kila mwaka aliunguza, na kila mwaka akazilaumu kuni. Kwa hiyo mume wangu alipowasha moto na kupanga wavu, aliliweka koleo juu ya ukuta mfupi wa bustani akarudi nyuma. Mimi niliona nina kazi na sufuria. Tongai alikaa ngazini akitazama viatu vyake. Farisai alikuwa kwenye kiti cha kamba, mikono ameikunja ndani ya sweta. Soseji zikalala kwenye trei, mbichi, nzi wakizisalimia.

Uvumilivu wangu ukaisha. "Basi tutakula sadza na upepo," nikasema. "Tongai, nilidhani nimemwita mtani, kumbe nimemwita mkwe. Umekaa kwa adabu kama uliyekuja kuposa."

"Mwache," akasema Farisai. "Mtu aliyeshindwa kaburini ataweza soseji?"

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kuhusu kaburi mbele ya Tongai, na yalikata. Tongai akainua uso.

"Nilishindwa," akasema. "Sikatai. Lakini niulize kwa nini."

"Kwa nini?"

"Anayeigizwa ni yule ambaye hayupo. Ningemwigiza pale, ningekuwa nimewaambia watu wote kwamba Naboth hayupo. Nilifungua mdomo, nikaona siwezi kuwaambia." Akaelekeza kidevu kwenye sweta. "Na wewe huwezi, ndiyo maana unapiga pasi. Usinione mimi tu."

Nilijua Farisai atauliza ni nani aliyetoboa siri ya pasi, nikainamia sufuria. Lakini Farisai hakuuliza. Alivuta mikono ya sweta mpaka ikamfunika vidole, akatazama bondeni. Nilimwonea huruma, nikamwonea huruma na Tongai, nikajilaumu kwa kuwakusanya pale wapate kuumizana kwa karibu.

Tongai akainuka. Alikwenda ukutani, akachukua koleo, akasimama mbele ya moto na mgongo wake kwetu. Mabega yakatikisika. Nikasema moyoni, haya, analia tena, na mume wangu akaanza kusogea tayari kumshika kwapani. Kisha tumbo la Tongai likatoka mbele, mguu mmoja ukakaa upande, mkono ukashika kiuno, na koleo likagonga wavu mara mbili.

"Rudini nyuma," ikasema sauti ambayo haikuwa yake. "Nyama haichomwi ikitazamwa. Inaona haya."

Niliziba mdomo kwa mwiko. Ilikuwa sauti ya Naboth, ileile ya puani, ya mtu anayewaeleza wengine jambo asilolijua.

"Maidei, ondoa pua yako hapo, mimi nimezaliwa na moto mkononi." Akazitupa soseji zote katikati ya ndimi za moto, mahali pabaya kuliko pote. "Hizi kuni mbichi. Nani kanunua kuni mbichi? Mwalimu, ni wewe?"

"Ni mimi, mkubwa," akajibu mume wangu, mtu ambaye hajawahi kucheza mchezo wowote tangu tuoane.

"Nilijua. Mwalimu anajua chaki, kuni atazijulia wapi?"

Nilimtazama Farisai. Uso wake ulikuwa umekaza, midomo imebanwa. Tongai akaendelea kugeuza nyama kwa madaha, na moshi mweusi ukaanza kupanda.

"Mkono wa kushoto," akasema Farisai.

Tongai akageuka. "Nini?"

"Kiuno alishika kwa mkono wa kushoto. Na hakuwa anazitukana kuni kabla ya kukohoa."

Tongai akabadilisha mkono, akakohoa.

"Hapana. Chake kilianzia chini huku." Farisai akaweka kiganja tumboni akakikohoa mwenyewe, kikohozi cha mumewe, na mwisho wake ule wa kukwaruza. Alikipata sawasawa. Sote tukakisikia, naye akakisikia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mkono wa kiti, kisha akasimama, akalivua sweta kupitia kichwani, nywele zikasimama, akabaki na blauzi katika baridi ile.

"Huwezi kuwa yeye bila hili," akasema. "Vaa. Na nyama inaungua."

"Nyama haiungui, mke wangu. Inapata rangi."

Akalivaa. Mikono ilimwishia karibu na viwiko, na tumbo likabaki nje. Farisai alisimama akamtazama kwa muda mrefu, kicheko kikamwishia kidogo kidogo, na kilipokwisha kikaja kilio, kile ambacho tulikingoja tangu Januari. Tongai akamkumbatia, koleo bado mkononi.

"Amekwenda," akasema Farisai.

"Amekwenda, mke wangu. Kafa makusudi, bahili yule. Mwaka huu ilikuwa zamu yake kununua nyama."

Farisai akalia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikalia, na mume wangu akasema moshi umemwingia machoni. Hivyo ndivyo Naboth alivyozikwa, miezi saba baada ya kuzikwa.

Soseji zilikuwa mkaa kwa nje na mbichi kwa ndani. Farisai alikula mbili.

Jumapili tulipokuwa tukipakia mizigo, Tongai alimletea sweta, amelikunja vizuri. "Bado halijagawiwa," akasema. Farisai akalipokea kwa mikono miwili. Hakulivaa. Alilipakata mapajani njia nzima, na tulipoteremka hadi mahali simu inaposhika, akampigia wifi yake.

"Wifi, njooni mwisho wa mwezi," akasema. "Mtani yupo. Nguo zote ziko tayari, nimezipiga pasi." Akalisogeza sweta usoni, akalinusa. "Isipokuwa moja ya kijani. Hiyo ni ya mtani, msiihesabu. Inanuka moshi, na siifui."