Mtihani wa Nyumba Nzima

Umeshawahi kuishi kwenye nyumba ambayo mtihani anafanya mtu mmoja, lakini jasho linawatoka wote? Basi nyumba ya Fundi ilikuwa hivyo.

Fundi alikuwa mama mshona nguo. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa sebuleni, karibu kabisa na dirisha, ili apate mwanga wa kutungia uzi. Aliishi na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, na binti yake wa pekee aliyekuwa chuo kikuu. Binti huyo alivaa miwani tangu yuko shule ya msingi, na Seremala wa jirani akambandika jina la Profesa, likamganda.

Zamani mtihani wa chuo ulikuwa mmoja tu, mwisho wa mwaka. Ukikaribia, Fundi alifunika cherehani kwa shuka, akafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango, na hapo majirani wakajua. Seremala, ambaye karakana yake ilipakana na ua wao, aliweka msumeno pembeni akabaki na kazi za msasa. Bibi alivua kandambili akatembea peku, na kila mfuniko wa sufuria aliuweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Hata chafya waliendea uani. Wiki zile zikipita, kitambaa kinafunguliwa, cherehani inafunuliwa, na Profesa anafaulu. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka, nao wakaamini kwamba kinachomfaulisha ni ule ukimya wao.

Halafu chuo kikabadilisha mambo.

Profesa aliwaeleza wakiwa mezani. Mwaka umekatwa vipande viwili, alisema, na kila kipande kina mtihani wake. Katikati kuna majaribio, kuna kazi za vikundi, kuna kusimama mbele ya darasa na kueleza, na vyote hivyo vina alama.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa huo mtihani unaanza lini?"

"Umeshaanza, Bibi."

"Umeshaanza? Na wewe umekaa hapa unatafuna?" Bibi alinyanyuka palepale, akavua kandambili.

Kitambaa chekundu kikafungwa mlangoni. Lilipopita jaribio la kwanza kikafunguliwa, kabla ya chakula cha mchana kikarudishwa, maana kulikuwa na jingine. Baadaye Fundi akachoka kufunga na kufungua, akakiacha hapohapo. Jua likakibabua mpaka kikawa cha rangi ya waridi.

"Shemeji," Seremala alimuuliza siku moja kupitia ukutani, kwa kunong'ona, maana alikuwa ameshazoea, "huyu mtoto anasomea nini kisichokwisha? Nina vitanda vya watu humu. Nivikate kwa meno?"

"Vumilia kidogo, baba. Ni utaratibu mpya."

"Utaratibu mpya ni wa chuo. Mimi nimejiandikisha lini?"

Fundi alicheka, lakini cheko halikufika mbali, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amebanwa kuliko Seremala. Kalenda ileile iliyoleta majaribio ilikuwa imewahisha na mahafali. Mwenye duka la kukodisha majoho alikuwa amemletea kazi ambayo fundi huiota usingizini: majoho meusi, marobota kwa marobota ya kitambaa, yote yakitakiwa kabla ya siku hiyo. Akiifanya vizuri, atakuwa fundi wa majoho kila mahafali. Akichelewa, kazi inakwenda kwa mwingine. Na cherehani iko chini ya shuka.

Alijaribu kushona kwa mkono. Joho ni nguo pana, lina mikono kama magunia, na alipomaliza pindo la kwanza vidole vilikuwa vimevimba. Ndipo alipomwomba Seremala amsaidie kubeba cherehani kuipeleka karakana.

"Karibu sana," Seremala alisema. "Kwa hiyo na mimi nikate kwa msumeno?"

"Kata tu. Huku nyuma, kwa cherehani yangu na msumeno wako, lawama tutagawana."

Walifunga dirisha la upande wa nyumba, wakaliziba kwa godoro kuukuu. Kazi ikaenda. Ila hakuna aliyefikiria unga wa mbao. Mwenye duka alipokuja kuangalia, aliinua joho la kwanza, akalikung'uta, akapotea ndani ya vumbi. Alipotokea nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Mama," alisema akipiga chafya, "hawa wanahitimu chuo au wametoka kusaga mahindi? Nitarudi wiki ijayo. Nikikuta hivi, nitamtafuta mwingine."

Siku hiyohiyo Profesa alirudi na majibu ya jaribio la majuzi. Aliweka mkoba, akaingia chumbani, na Bibi aliyempita mlangoni akajua kwa jinsi alivyovua viatu.

"Ameanguka," Bibi alimnong'oneza Fundi jikoni.

"Ni kelele," Fundi alisema, moyo ukimuuma. "Zinapenya hata kwenye godoro." 

Basi wakakaza. Bibi alitoa betri kwenye saa ya ukutani. Akamhamishia kuku wake kwa jirani wa mbali. Nyumba ikawa kimya mpaka mtu akimeza mate anaomba radhi. Na Profesa, badala ya kushukuru, akawa kila akirudi chuoni anachukua madaftari yake anatoka. "Nakwenda kusoma na wenzangu," anasema.

Mchana mmoja Fundi alikuwa karakana, joho magotini, shuka amelitandaza juu kama hema kuzuia vumbi. Seremala alikuwa anaranda ubao. Uzi ukamwishia. Akainuka kutafuta kibweta cha nyuzi nyuma ya rundo la mbao, na huko akakuta miguu. Akainama. Profesa alikuwa ameketi juu ya vipande vya mbao, daftari mapajani, midomo ikicheza, maranda yamemjaa kichwani.

"Wewe! Unafanya nini huku kwenye makelele?"

Profesa aliruka. Seremala akainamia randa yake kana kwamba ubao ule una siri kubwa.

"Na wewe ulijua?" Fundi alimgeukia.

"Shemeji, anakuja kila siku. Aliniapisha. Mimi ningefanyaje, na yeye ni Profesa?"

Bibi, aliyesikia sauti, alikuja peku mpaka mlangoni. "Mwacheni aseme," alisema. "Mjukuu wangu, kuna nini?"

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Mmejinyima kwa ajili yangu. Bibi anatembea peku, mama umevimba vidole. Ningeanzaje?"

"Anza hivyohivyo," alisema Fundi.

"Mama, mimi kusoma nimejifunzia chini ya meza ya cherehani yako. Wewe unakanyaga, mimi nasoma. Ule mtihani wa mwisho wa mwaka, mlipokuwa mnanyamaza, nilikuwa nimeshasoma mwaka mzima na cherehani. Zile wiki za kimya nilikuwa sishiki hata mstari, naangalia dari tu. Sasa majaribio hayaishi, na kimya hakiishi. Nikikaa chumbani najisikia mwenyewe navyopumua, basi, yote yanapotea."

Bibi alitazama miguu yake yenye vumbi. "Na kuku wangu nimempeleka kule bure!"

Seremala aliangua kicheko kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu mwaka ukatwe vipande, akaukamata msumeno akaukumbatia. Fundi hakucheka bado. Alimshika binti yake kidevu kwa vidole vilivyovimba.

"Sasa unataka nini, mwanangu? Sema kwa mdomo wako."

"Nataka cherehani irudi nyumbani," Profesa alisema. "Mimi nisome, na wewe ushone."