Mzimu Mfupi Mlangoni kwa Babu Erchie

"Huoni, baba! Kubali tu."

"Naona."

"Unaona nini? Umetia chumvi kwenye chai!"

"Nilitaka chumvi."

"Na kidole? Badala ya kuchonga taa ya Halowini kwenye tanipu umekichonga kidole!"

"Tanipu lilisogea."

Shangazi Shona kaja toka mji wa Perth, na tangu mchana anagombana na babu jikoni. Mimi ndiye mjukuu ninayekaa na mzee hapa mjini Methil. Ile chai ya chumvi nami niliinywa, ila mdomo nimefunga. Shangazi anataka babu ahamie kwake ghorofani, kule mlango wa chini unafunguliwa kwa namba za siri. Sasa siku ya Halowini, watoto wanapojigeuza mizimu na kugonga milango ya watu, nani atamgongea? Na mzee anaishi kwa siku hiyo moja. Krismasi hata soksi habadili.

Mlangoni kwake kuna sheria. Watoto wanakuja wamefunika nyuso. Kila mmoja anaimba au anatoa kichekesho, halafu babu anamtaja jina. Ndipo anapewa karanga za maganda, chungwa dogo na kashata ya maziwa. Hajawahi kukosea hata mmoja, na anajisifu hivyo mpaka kwa muuza samaki.

"Basi sikia," shangazi akasema. "Ailsa wangu anakuja na watoto wa jirani. Ukimjua, sikusumbui tena. Usipomjua, Jumamosi unafunga virago."

"Mjukuu wangu mwenyewe? Nitamjua nikiwa nimelala!"

"Haya, tutaona."

"Utaona wewe. Mimi si umesema sioni?"

Giza lilipoingia wakagonga. Babu kajitanda shuka jeusi, kachomeka meno ya plastiki ya popo juu ya meno yake ya bandia. Kila akiongea, mate kila mahali.

Wa kwanza maiti, akaimba.

"Finlay! Hiyo sauti ya mbuzi ni ya ukoo wa baba yako."

Wa pili mchawi, akatoa kichekesho. Hakucheka mtu.

"Catriona. Hata mwaka jana hakikuchekesha."

Wa mwisho mzimu mfupi, shuka linaburuza chini, na buti za mvua za njano ambazo babu mwenyewe alimnunulia Ailsa. Akaghani shairi la ng'ombe kwa sauti nzito ya mlevi. Hata paka angemjua. Nikashusha pumzi: tumeshinda.

Babu akainama. Chini ya shuka mtoto kabana kicheko mpaka shuka zima linatetemeka. Mzee akalitazama lile shuka.

"Huyu... mtoto wa mchungaji?"

"Siyo!"

"Mjukuu wa yule mama wa posta?"

"Siyooo!"

Nikamkanyaga mguu. "Mzee, buti!"

"Nyamaza we." Akatumbukiza zawadi kwenye mfuko wa mzimu. "Nimeshindwa. Tangu nizaliwe sijashindwa. We nani?"

Shuka likaruka. "Ni mimi, babu! Nimekudanganya! Hukunijua!"

Akatimua mbio na wenzake, anatangazia mtaa mzima kwamba kamshinda Babu Erchie.

Shangazi alikuwa kasimama nyuma yetu. "Umeona mwenyewe, baba," akasema polepole. "Jumamosi."

"Haya."

Halafu shangazi akashtuka. "Karanga! Ailsa! Lete huo mfuko!"

Maana Ailsa akionja karanga anavimba hadi hospitali. Shangazi akamkimbilia pale getini, akapindua mfuko juu ya nyasi. Machungwa mawili. Kashata mbili. Karanga, hata ganda hamna. Akachungulia mfuko wa Finlay: karanga tele. Wa Catriona: tele.

Akarudi hadi mlangoni, akamtazama baba yake. Mzee anapapasa kizingitini, anatafuta meno ya popo yaliyodondoka.

"Jumamosi nifunge virago asubuhi au jioni?" babu akauliza.

"Uvifunge uende wapi?"

"Si kwako?"

"Kwangu hakuna nafasi ya mzee mwongo." Akamwokotea yale meno, akampa. "Na kopo la sukari uliandike kwa herufi kubwa."

Akageuka, akaenda zake kumfuata mzimu wake.